Fungu Lililozidi Mfukoni

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema, asije mtu akadhani nimeficha. Muuza samaki akinipunguzia bei bila ya kuombwa, namwangalia samaki macho. Jirani akiniletea sahani ya vitumbua siku isiyo na jambo, nakula, lakini huku nangoja nijue anataka nini. Marehemu baba alikuwa akinitania kwamba nimezaliwa nimekunja uso. Kwa hiyo mambo ya barabara yetu yalipoanza, wengine walishtuka. Mimi nilikuwa tayari zamani.

Nyumba yetu iko Wattaya, hapa Maskati, juu ya kilima, nyuma ya maduka ya magari. Kule chini magari mapya yanang'arishwa kutwa nyuma ya vioo, na barabara kuu inapita laini, taa zote zinawaka, maua pembeni yanamwagiwa maji. Ukiiacha ile ukaingia ndani, ukapita duka la mkate na duka la dobi, ndipo unapoanza kupanda kwetu. Njia ni fupi na nyumba ni chache, sote tunajuana. Upande mmoja kuna jabali, upande mwengine mtaro wa maji ya mvua. Lami yake ilitiwa nilipokuwa bado nasomesha, na nakumbuka ilivyonuka mpya, na baba alivyotoka kila jioni kuitazama na mikono nyuma, kama kaitandaza yeye.

Mvua ndiyo iliyoiharibu. Ilikuja mvua moja kubwa, maji yakashuka jabalini, yakaingia chini ya lami na kuinyanyua. Wakaja mafundi wakatia kiraka. Mvua ya pili ikachukua kiraka na kuondoka na ukingo. Wakatia kiraka juu ya kiraka. Mwisho katikati ya mteremko pakafunguka shimo ambalo tulilizoea hata tukawa tunalitumia kuelekezea wageni: ukishalipita shimo, nyumba ya pili mkono wa kushoto.

Nilikuwa nikijiuliza pesa za kutengeneza zinakwenda wapi. Kila mwaka nalipa mulkiya, leseni ya gari, nikikosea barabarani nalipa faini, na dukani siku hizi kila kitu kina kodi yake. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anakaa nasi ghorofa ya juu na mkewe, anafanya kazi benki na anajiona anajua kila kitu kinachohusu pesa. Nikimuuliza ananijibu, "Dada, kuna bajeti na kuna zamu. Kwanza barabara kubwa, kisha mitaa yenye watu wengi. Sisi ni njia ya nyumba chache."

"Na zamu anaipanga nani?"

"Dada, usianze."

Nilianza. Nilimshuku hata fundi wangu wa gari kule Ghala, mtaa wa magereji. Kila nikimpelekea gari, ikiwa si shokamzoba ni springi, na alipofika kunikaribisha chai na kuniulizia hali ya mvua, nikajua tumeshakuwa riziki yake.

Haya yote ningeyachukulia kama kero za mji tu, lau si Bimkubwa. Mama yangu figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki nampeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na akikosa siku moja tu miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi. Kwenda si tabu sana. Kurudi ndiko. Anarudi hana nguvu, mkono wenye sindano umefungwa bendeji na utepe mweupe, na kila gari ikiingia shimoni anaukumbatia ule mkono kwa mkono wa pili na kusema "Ya Latifu." Namwona kwenye kioo. Napita polepole kuliko gari ya maiti, na bado nasikia "Ya Latifu."

Bimkubwa alikuwa na jambo jengine. Ana mdogo wake Unguja, ndugu wa tumbo moja aliyebaki peke yake, na walikuwa hawajaonana tangu kabla ya maradhi. Miaka na miaka alikuwa akiweka pesa za safari ndani ya sanduku lake, chini ya nguo, pamoja na udi na karafuu. Hapokei nauli kwa mtoto. Kwenda kumwona nduguye anataka kwenda kwa pesa yake. Kila baada ya muda ananiuliza, "Tutakwenda lini?" Na mimi namwambia, "Inshallah mama, joto lipungue." Joto likipungua namwambia, "Inshallah, wakitupa nafasi hospitali ya huko." Kusema kweli sikuwa nimeuliza hospitali yoyote. Nilikuwa nikiogopa ndege, nikiogopa mashine za watu nisiowajua, nikiogopa asije akafia mikononi mwangu ugenini. Ugenini, nasema, na ndiko alikozaliwa.

Mwaka huo mvua ikaja tena. Safari hii ikachukua nusu ya njia pale penye shimo na kuitia mtaroni. Gari ndogo hazipandi. Wakaja wahusika siku ya pili yake, wakaweka vizuizi vyekundu na vyeupe, wakapiga picha, wakatuambia kwa adabu kabisa kwamba mvua imeharibu sehemu nyingi na tusubiri zamu yetu. Tukasubiri. Gari nikawa naiacha chini kwa dobi.

Na Bimkubwa akawa anabebwa. Mdogo wangu upande mmoja na jirani yetu upande wa pili, yeye katikati juu ya kiti cha plastiki, anateremshwa mteremko mbele ya watu, vijana wa duka la mkate wanatoka kusalimia. Mama yangu ambaye hajapata kutoka nje bila ya kujitazama kiooni mara mbili. Alikuwa akijifunika kanga mpaka usoni, joto lote lile, asiione njia na njia isimwone. Siku ya kwanza alipofika garini aliniambia, "Mie si gunia la mchele, mwanangu." Nililia njia nzima, na nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Ndipo mstaafu wa nyumba ya juu kabisa akaitisha kikao. Huyu mzee anapenda vikao kuliko anavyopenda chakula. Wanaume wakakaa barazani kwetu, wanawake chumba cha pili mlango wazi, kahawa ikapita, na yeye akatoa hoja: tuchange wenyewe, tuombe ruhusa, tumtafute mkandarasi, tuimwagie zege ile sehemu iliyokatika. Kila mtu akakubali. Kisha wakagombana namna ya kuchanga.

Vijana walitaka majina na viwango viandikwe kwenye kundi letu la simu, kila mtu aone. Mimi, si siri, nilikuwa upande wa vijana. Lakini Bimkubwa akapaza sauti kutoka chumbani, na watu wote wakanyamaza kwa heshima yake.

"Msianike watu. Mwenye nacho na asokuwa nacho wote wapita njia ile ile. Utoeni mfuko."

Mfuko ni wa nyumba yetu. Aliushona bibi mzaa baba kwa kitambaa kizito cheusi, na juu yake akaushonea mkono wa kanzu kuukuu uwe ndio shingo, hata ukitia mkono unazama mpaka kwenye kiwiko. Tunautumia msibani na kwenye michango ya harusi. Sheria yake moja: ngumi inaingia imefumbwa na inatoka imefumbuliwa, na kila mtu anatia mkono, hata asiye na kitu. Mwenye kutia hewa haonekani, na mwenye kutia mali hajulikani, thawabu zake zikabaki baina yake na Mola wake. Wazee wetu walikuja nao kutoka Unguja, na jirani yetu anayembeba mama, ambaye wazee wake walikuwa na maduka bara, Tabora huko, anasema kwao wao watu walitangaza na wakapigiwa makofi. Lakini naye akatia ngumi.

Mfuko ukapita nyumba zote, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Ukarudi kwetu, wanaume wakauhesabu barazani mlango umefungwa. Mimi nilikaa nje nikisikiliza, si kwa udukuzi, ni kwa tahadhari. Nilitaraji kusikia kwamba hazitoshi. Nikawa nimeshawapanga kichwani walionyima, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa nyumba.

Nikasikia noti zikihesabiwa, kisha zikihesabiwa tena. Kisha mstaafu akasema, "Hii nini?"

Zilikuwa zimezidi. Si kidogo. Ndani ya mfuko, katikati ya noti zilizokunjwa na kufinyangwa, mlikuwa na fungu zima la noti kubwa, zimenyooshwa na kufungwa pamoja. Fungu hilo peke yake lilitosha kuimwagia zege njia yote na kubaki.

Nyumba nyengine zingesema alhamdulillahi zikamwita mkandarasi. Sisi tulianza kuogopa. Pesa ikipungua unajua la kufanya, unamtafuta mwizi. Pesa ikizidi unamtafuta nani? Mstaafu akasema haiguswi mpaka ijulikane imetoka wapi, maana isije ikawa ni pesa chafu mtu anaisafishia kwenye zege letu. Mwengine akasema kuna mtu anataka kugombea jambo, kesho atasimama aseme, barabara hii yangu. Mwengine akasema ni yule anayetaka kufungua mgahawa pale chini, anatununua ili tusilalamike wageni wake wakiegesha gari milangoni mwetu. Kundi la simu likajaa. Watu waliokuwa wakitumiana dua za Ijumaa wakawa wanatumiana mafumbo.

Mimi nilikuwa na mtu wangu. Yule jirani wa Tabora ana malori ya kokoto Ghala. Nikajiambia, mwenye malori akitoa fungu namna hii, zege itanunuliwa kwake na fungu litarudi kwake na faida yake. Nikamngojea asubuhi aliyokuja kumbeba mama.

"Kaka," nikamwambia, "mkono wako mzito, mashallah."

Akaelewa papo hapo. "Dada yangu, mimi nilitoa nilichoweza na sikionei haya. Lakini lile fungu si langu. Ningekuwa na pesa ile ningebadilisha lori."

"Nani basi?"

"Mimi najuaje? Si nyinyi ndio mlioleta mfuko wa giza?"

Nikamshuku zaidi, kwa sababu alijibu vizuri. Kisha nikamgeukia mdogo wangu wa benki. Nikamuuliza noti zilikuwaje.

"Mpya mpya. Zanukia udi."

"Maskati nzima yanukia udi. Zimefungwa na nini?"

"Na utepe tu, dada. Utepe mweupe. Unataka niupeleke polisi?"

Nikamwambia kwamba mtu wa benki ndiye hupata noti mpya. Hakusema nami mpaka Ijumaa.

Siku zikapita, mkandarasi akasubiri, fungu likawekwa ndani ya mfuko na mfuko ukafungiwa kabatini kwa mstaafu, na Bimkubwa akaendelea kushuka mteremko juu ya kiti. Siku moja, tukimngoja mdogo wangu avae viatu, akaniuliza kama wameshaanza.

"Bado mama. Hatujajua ya nani."

"Pesa yaulizwa jina?" Alikasirika hasa, mpaka kanga ikamteleza. "Mtu katia ngumi kama ilivyo ada, nyie mwamsaka kama mwizi. Hebu tengenezeni njia, mie nshachoka kubebwa."

"Lakini mama, mtu hatoi kiasi hicho bure."

Akanitazama, kisha akajifunika uso na kukaa kitini. Niliona kwamba kuna kitu kinamwelemea, nikadhani ni maradhi.

Kikao cha pili kikaitishwa, kikavunjika. Cha tatu hakikujaa. Halafu asubuhi moja tukaamshwa na mngurumo. Nikatoka na mtandio mkononi. Mashine ya kushindilia ilikuwa inapanda, na lori la kifusi nyuma yake, na wafanyakazi wamevaa vizibao vya njano. Nikamwendea msimamizi wao.

"Nani kawaleta?"

"Kazi, ummi. Zamu yenu imefika."

"Kalipa nani?"

Akacheka. "Serikali, ummi. Kwani nani tena?"

Wakajenga ukingo wa mawe upande wa mtaro, wakashindilia, wakatia lami nzito, wakachora na mstari. Wiki haikwisha, wakaondoka. Nilitembea juu yake kwa ndara nikiikanyagakanyaga nitafute pahala palipo laini. Sikupata. Hata hilo likanitia wasiwasi.

Sasa ikabaki pesa ya watu. Mstaafu akauleta mfuko na kuamua kwamba utarudi ulivyokwenda: safari hii mkono uingie umefumbuliwa na utoke umefumbwa, kila mtu achukue chake kwa imani yake, wanaume barazani, wanawake ndani. Vijana wakaguna. Nani atajua kama mtu hakuchukua zaidi? Mstaafu akajibu, "Mungu." Upande wa wanawake nikapewa mimi niushike. Walisema ni kwa sababu simwamini mtu.

Tulikaa chini kwenye zulia baada ya Alasiri. Mfuko ulitoka kwa wanaume bado una uzito, na hilo peke yake lilinishangaza. Nikaupitisha. Kila mwanamke alitia mkono, macho juu, vidole vinapapasa ndani, ngumi inatoka na kuingia chini ya kanga. Mke wa jirani wa Tabora alichukua muda mfupi kabisa. Mke wa mstaafu alipapasa mpaka nikakohoa. Na bado mfuko ulikuwa mzito.

Wa mwisho alikuwa Bimkubwa, amekaa kwenye kochi lake, ule mkono wake wenye bendeji umepumzika juu ya mto. Nikamsogezea. Akatia mkono wa pili mpaka kwenye kiwiko, akautuliza humo kidogo, akautoa. Umefumbuliwa. Akauweka mapajani, kiganja juu, mtupu, na akaanza kuwauliza wanawake habari za watoto wao.

Wageni walipoondoka nikatia mkono wangu mimi. Fungu lilikuwepo. Nikalitoa kwenye mwanga. Utepe ulioshika zile noti ulikuwa ule mweupe wa hospitali, wa vitundu vidogo vidogo, ambao wauguzi wanambandikia juu ya bendeji na ambao msokoto wake uko kwenye mtoto wa meza yake, pembeni ya tasbihi. Nauona mara tatu kwa wiki. Naubandua mimi kwa mikono yangu, kwa maji ya vuguvugu, usimchune ngozi. Nikainusa pesa. Udi, na chini ya udi, karafuu.

"Mama," nikasema. "Hizi za Unguja."

Akaomba maji, akanywa lile funda dogo aliloruhusiwa.

"Zilikuwa," akasema.

"Kwa nini hukutwambia? Tumesakamana watu wazima, tumegombana, na wewe umekaa hapo wasikia!"

"Nseme, nianike thawabu zangu kwenye simu zenu? Nlidhani mtatengeneza njia. Sikujua kama mtatafuta mtu."

"Na Unguja?"

Akanitazama kwa yale macho ambayo watu wanasema nimeyarithi kwake, macho yasiyokubali kitu mpaka yakigeuze pande zote.

"Mwanangu, mie inshallah yako naijua. Nimeisikia kwenye baridi na kwenye joto. Nikaona, kama siendi tena Unguja, basi angalau nende hospitali kwa miguu yangu, niingie garini mlangoni kwangu kama watu."

Nilikuwa nimemshuku fundi wa Ghala, nimemshuku mdogo wangu na mtu aliyembeba mama yangu kitini. Kumbe yuko aliyekuwa akinishuku mimi, polepole, bila ya kelele, na alikuwa amepata ukweli. Nikalirudisha fungu sandukuni chini ya nguo zake. Hakunizuia na hakunishukuru.

Siku ya pili yake ilikuwa siku ya mashine. Gari ilikuwa mlangoni. Bimkubwa alitoka mwenyewe na bakora yake, amejipaka wanja, buibui limepigwa pasi, akapanda nyuma. Tukateremka. Pale palipokuwa na shimo gari haikutikisika hata kidogo, na mimi nikakaza moyo nikasema, "Mama, leo nikishakushusha nawauliza madaktari habari ya Unguja. Tutakwenda. Wallahi tutakwenda."

Nikamtazama kwenye kioo. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika kishikio cha juu ya dirisha, umekikaza kama anayengoja shimo, ingawa njia ilikuwa laini mpaka chini.

"Angalia mbele, mwanangu," akasema.